Kobe na Honi ya Garimoshi

Wanyama walikuwa na chama cha kutunza garimoshi la zamani, na mwenyekiti wake alikuwa Kobe. Kanuni aliitunga mwenyewe: mwanachama ni yule tu aliyewahi kusikia honi ya garimoshi hilo, ambayo haikuwa imelia tangu ujana wa wazee. Panya Buku alilifuta kutu na kulipaka grisi miaka tisa, lakini kila alipoomba uanachama Kobe alimjibu, "Mjukuu wangu, honi uliisikia wapi?"

Wazee wakafa mmoja mmoja. Siku ya mkutano mkuu walibaki watatu, na akidi ni saba. Akidi isipotimia, chama kinavunjwa na garimoshi ni la Fisi, muuza vyuma chakavu, ambaye tayari alikuwa amesimama mlangoni na nyundo. Kobe akahesabu wajumbe, akahesabu tena.

Ghafla honi ikalia mpaka madirisha yakatetemeka. Buku akashuka kwenye injini, masizi usoni. Msitu mzima ukaja mbio.

"Shikamoo, Babu Mwenyekiti. Leo tumeisikia sote."

Fisi akaondoka akinuna. Kobe akawaandika wote kwa furaha, kisha akasoma ajenda ya kwanza: kuchagua mwenyekiti.

Mikono yote ikamwinukia Buku. Kobe akatafuta kanuni ya kupinga, akakosa, akarudisha kichwa gambani.