Kilima cha Mjomba

Kilima kile pichani kilikuwa kizuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi binti mpima picha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mjomba wake, mkuu wa kituo cha anga, alikuwa ameitembeza picha hii ya sayari ofisi zote, akitaka chombo chao cha angani kitue juu ya kilima alichokigundua yeye.

Ilibaki sahihi ya binti tu.

“Tia sahihi, mwanangu. Au siku hizi damu si nzito kuliko maji?”

Badala ya kushika kalamu, alipitisha kidole gumba kwenye kingo za picha. Pembe tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilikatwa kwa mkasi, tena kwa mkono wenye haraka. Hapo ndipo huchapwa mshale wa kuonyesha mwanga wa jua ulikotoka.

“Hii pembe imekwenda wapi, mjomba?”

“Ilichanika,” alijibu, akaenda kusimama dirishani.

Jicho la binadamu limezoea mwanga wa kutoka juu. Picha ikipinduliwa, vivuli humdanganya mtu mchana kweupe, bonde akaliona mlima. Binti akaizungusha taratibu juu ya meza, bila kishindo, mpaka juu ikawa chini.

Kilima kikadidimia. Pale kiliposimama kilele pakafumbuka shimo, jeusi tititi, mawe yamechongoka pande zote.

Mjomba alikuwa bado amempa mgongo, anatazama nje.

“Irudishe ilivyokuwa,” alisema bila kugeuka.