Mwenye Kompyuta

Isihaka alitangulia na tairi begani. Nyuma yake watu kama thelathini walimburuta mwanamume mmoja juu ya changarawe. Wawili kati yao walibeba kompyuta kuukuu, nao waliibeba kwa upole kuliko walivyomburuta yeye.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka wa tisini na sita. Fortunata alikuwa akimpigia mteja barua katika kiduka chake cha fotokopi, mkabala na stendi ya mabasi ya Same. Alipoliona tairi aliiacha barua na kutoka mbio. Mwezi uliotangulia, kule Lembeni, alimwona mtu akichomwa kwa kufananishwa na mwizi wa mbuzi. Mbuzi walipatikana kesho yake. Harufu ile ilikuwa haijamtoka puani.

"Kaka Isihaka, huyu kafanya nini?"

"Mwizi! Mgambo kamuuliza risiti ya kompyuta, katimua mbio."

Isihaka alikuwa fundi baiskeli. Wiki ile wezi walikuwa wamevunja banda lake na kubeba spana zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo aliyoishika sasa.

"Ni yangu," mtu yule alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Naitwa Anderson. Shirika moja la Tanga limeuzwa, vitu vya ofisi vikanadiwa, nami nikanunua hii. Risiti nimepoteza njiani. Nilikimbia kwa sababu niliogopa."

Spana ikamshukia mkononi. Vidole viwili vikalia kama vijiti vikavu. Mtu mmoja alikwishafungua dumu la mafuta ya taa.

Fortunata akajipenyeza katikati, akasimama mbele ya yule mtu na kutandaza mikono. Mafuta yaliyomwagwa yakamlowesha sketi.

"Basi nichomeni na mimi! Nyie mna haraka gani? Mwizi wa kompyuta hajui hata inavyowashwa. Mleteni dukani kwangu aiunganishe na printa yangu. Ikichapa, ni yake. Isipochapa, nitakaa pembeni."

Watu walitazamana. Isihaka akatema mate.

"Haya. Lakini tairi linakuja naye."

Walimsukumia kwenye kiti. Fortunata alimfuta uso kwa kitambaa. Damu ya kwenye paji la uso ilikuwa bado inachuruzika. Ya kwenye mkono wa shati ilikwishakauka na kuwa nyeusi. Akamletea waya wa umeme.

Anderson alipapasa nyuma ya kompyuta, kisha upande wa kushoto, akitafuta pa kuiwashia.

"Mnaona? Hapajui!" mtu alipiga kelele.

"Mmempiga kichwani kwa mawe," Fortunata alisema, "halafu mnataka akumbuke?"

Anderson akaipata swichi upande wa kulia. Kioo kikawaka kijani. Akaunganisha printa, akaandika amri kwa mkono mmoja. Printa ikakwaruza, ikatoa karatasi iliyojaa alama za ajabu, nyota na vimistari, bila neno hata moja.

Kelele zikapanda. Isihaka alimvuta ukosi, akambamiza uso mezani. Jino likadondoka juu ya kibodi.

"Si kosa la kompyuta!" Anderson alilia. "Haina draiva! Ni programu ya kuiwezesha ielewane na printa hii. Hazijawahi kuwekwa pamoja. Dada, disketi za printa yako ziko wapi?"

Fortunata alimpa boksi zima. Disketi ya kwanza ilikataa kusomeka. Ya pili ilikuwa tupu. Nje, tairi lilikuwa limelazwa chini, tayari.

Anderson aliipindua printa, akasoma namba iliyogongwa tumboni. Akaingiza disketi ya tatu na kupitia orodha ya majina, midomo ikimcheza. Namba ile haikuwamo. Akafikiri kidogo. Akachagua ya printa ya zamani zaidi, dada yake na hii, akabonyeza. Mashine ikanguruma kwa muda mrefu. Isihaka alishika spana juu ya vidole vilivyobaki vizima.

Anderson akaandika maneno machache.

Printa ikaanza. Fortunata ndiye aliyeichana karatasi na kuisoma kwa sauti, naye alikuwa analia:

"MIMI SI MWIZI."

Aliyekuwa na dumu akalifunga. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, wakiangalia miguu yao. Isihaka aliitazama spana, kisha mkono wa yule mtu uliokuwa umevimba.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Wameniibia mno."

Anderson alitikisa kichwa tu. Fortunata alimfunga vidole kwa kipande cha khanga yake, akamnunulia soda. Isihaka mwenyewe aliibeba kompyuta kichwani hadi kwenye basi la Arusha, akamtafutia kiti cha dirishani. Fortunata alisimama barabarani akipunga mkono mpaka basi likapotea.

Mchana ule alifanya kazi huku akiimba. Saa tisa aliingia mzee mmoja, vumbi la milimani likiwa limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Asheri, nimeshuka kutoka Vudee. Nipigie barua ya kupeleka polisi. Mimi nitasema, wewe uandike."

Fortunata aliweka karatasi kwenye mashine.

"Andika: Yah, kifo cha mlinzi wetu, Eliufoo. Amekatwa mapanga leo alfajiri mlangoni pa ofisi yetu ya kahawa. Ameacha mjane na watoto watano. Kahawa haikuguswa, fedha hazikuguswa." Mzee akajipangusa macho. "Mbona umesimama, mwanangu? Andika: aliyemuua ameondoka na kompyuta."