Droni ya Sikudhani

Siku hizi bi harusi huenda kwa mume na droni ya kamera, ili kwao waone anavyoishi. Mama yake Sikudhani aliyafungua mapanga ya droni, akayafunga kwenye kanga yake, akayalaza sandukuni kando ya droni yenyewe.

"Yakivunjika hairuki, mwanangu. Isiporuka sikuoni."

Sikudhani alilipakata sanduku njia nzima mpaka ukweni. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Ila huku kwetu upepo mkali, mapanga yatakatika bure. Nitakutunzia."

"Mama anasubiri kuniona jioni."

"Tutamwambia umefika salama."

Akafungua kabati. Ndani yalikuwa masanduku ya wake wa shemeji zake Sikudhani, vifundo vya kanga za mama zao havijawahi kufunguliwa.

"Unaona? Hakuna hata panga moja lililovunjika," alisema mama mkwe, akageuza ufunguo.