Kanga ya Mlangoni

Kila Jumapili Mama Ketura alisimama kwenye mlango wa kanisa akiwa na kanga mkononi. Msichana aliyekuja na suruali alifungwa kanga kiunoni kabla ya kuingia. Wengine walikasirika, wakahamia kanisa jipya lenye magitaa na taa za rangi, naye hakujuta. Nyumba ya Mungu ina heshima yake, alisema.

Jumapili moja aliyepanda ngazi alikuwa Dorkasi, bintiye aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi na kupotea miaka mingi. Alivaa suruali.

"Shikamoo, mama. Utaratibu naujua," alisema, akanyoosha mkono apewe kanga.

Mama Ketura hakuwa amebadili msimamo wake. Lakini aliogopa kwamba neno moja tu lingemrudisha mwanawe barabarani.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Dorkasi akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Mama akaikunjua kanga, akajifunika pamoja naye mabegani, wakaingia hivyo wamekumbatiana, wakapita katikati ya kanisa kuelekea benchi la mbele. Mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma Neno akainua macho, akawatazama, kidole chake kikiwa bado juu ya mstari.