Nguzo za Muda

Sikudhani alikuwa akiingiza sehemu za hospitali mpya kwenye kompyuta ya kibanda cha ujenzi, kila moja katika fungu lake: msingi, nguzo, kuta, paa. Programu ilijumlisha hewa chafu yote ya jengo, tangu saruji inapochomwa kiwandani hadi siku ya kubomolewa. Jumla ilipozidi kiwango cha kibali, mkandarasi Mbwera aliufunga mlango wa kibanda.

"Nguzo za chini ziweke kwenye fungu la vitu vya muda, visivyojumlishwa, hesabu ishuke."

"Siwezi, bwana. Siku ya kubomoa, wabomoaji watasoma orodha hiihii. Wakiona ni za muda watazing'oa kwanza, na ghorofa tano zilizo juu zitawaangukia."

"Siku hiyo mimi na wewe tumeshaoza. Badilisha!"

"Sibadilishi."

Kofi lilimwangusha pamoja na kiti. Mbwera akamkanyaga mkono wa kulia, akausaga kwa kisigino mpaka vidole vikaalika kama kuni kavu. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akabadilisha mwenyewe.

Sikudhani alitambaa hadi nje, damu ikimtoka puani. Mafundi walikuwa wakipiga lipu zile nguzo. Akaokota msumari, na kwa mkono wa kushoto akachora kwenye lipu mbichi, herufi zikienda upande: HII IMEBEBA JENGO. Akaenda ya pili, akachora vilevile.

Alipofika ya tatu, Mbwera alitoka na nondo mkononi. Mmoja wa mafundi, mwanamume mnene ambaye Sikudhani hakumjua hata jina, akasogea kwenye nguzo ya nne, akaanza kuandika maneno yaleyale kwa ncha ya mwiko.