Darubini ya Mwalimu Phineas

Darubini ya saba Fahmi aliikataa bila hata kuiweka machoni.

"Nzito," alisema, akaisukuma kwenye kaunta.

Ezekiel alimtazama rafiki yake asimwelewe. Fahmi ni dereva wa teksi, na Jumamosi hambebi mtu bure hata umpigie magoti. Viatu vyenyewe hununua bila kuvijaribu. Lakini leo ni yeye aliyekuja kugonga mlango saa tatu asubuhi, akasema twende tukamtafutie mzee darubini. Walikuwa wamemaliza maduka mawili ya Rockville, sasa wako Wheaton, na saa nane imeshapita.

Mzee mwenyewe ni Mwalimu Phineas, baba yake Ezekiel, mstaafu, yuko Tukuyu. Tangu miguu imgomee, kazi yake ni kukaa kibarazani, kutazama ndege wanaotua kwenye mparachichi na kuwaandika katika daftari la shule. Barua yake ya mwisho ilikuja na orodha ya ndege kumi na wanne, tisa kati yao wakiwa na alama ya kuuliza. Rangi ya shingo siioni tena, aliandika. Hakuomba kitu. Mwalimu hajawahi kuomba kitu.

Barua ile Ezekiel aliisomea kwenye basi, na ilimuuma. Ana miaka tisa Marekani. Makaratasi yake yako kwa mwanasheria, huu mwaka wa nne; akitoka nchini kabla hayajakamilika, harudi. Kwenda kumshika baba yake mkono hawezi. Kununua darubini anaweza, na dada Elieth wa ubalozini, anayesafiri kesho jioni, amekubali kuibeba.

Muuzaji, mzee mwenye miwani moja puani na nyingine kwenye paji la uso, alikuwa na subira ya ajabu. Alieleza kwamba mtu anayeanza kutazama ndege asidanganywe na namba kubwa. Namba ya kwanza ni mara ngapi ndege anasogezwa karibu; ya pili ni upana wa kioo cha mbele, na huo ndio unaoingiza mwanga. Ukichukua ya kumi na mbili, mkono ukitikisika kidogo tu, ndege naye anatikisika. Kwa mzee, nane kwa arobaini inamtosha, na bei yake haiumizi.

"Basi ni hii," alisema Ezekiel. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa kuonyeshwa.

"Subiri, bwana. Hatuja-compare na zile za juu."

Fahmi akatoka kwenda kupiga simu kwenye kibanda cha nje, mara ya tatu siku hiyo. Kupitia kioo cha duka Ezekiel alimwona ameegemeza paji la uso kwenye simu, akisikiliza zaidi ya kusema. Aliporudi alisema ni mambo ya nyumbani. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Hata chipsi alizonunua mwenyewe, Ezekiel ndiye aliyezimaliza.

Muuzaji akawaruhusu watoke na ile nane kwa arobaini, waijaribu kwenye maegesho ya magari. Juu ya nguzo ya taa alikuwa ametua ndege mwekundu mwenye kishungi. Ezekiel alizungusha gurudumu la katikati, na ndege akaja. Akaona weusi unaozunguka mdomo, akaona jicho, akaona hata unyoya mmoja wa shingoni uliokaa vibaya. Akacheka peke yake.

"Ataona shingo," alisema. "Fahmi, mzee ataona shingo zote."

Fahmi alikuwa akitazama funguo za gari lake.

Walipolipa, Fahmi alimuuliza muuzaji kuna siku ngapi za kuirudisha kama haitahitajika. Ezekiel akamcheka waziwazi: nani atairudisha kutoka Tukuyu? Muuzaji alisema siku thelathini. Fahmi akashukuru.

Kwenye barabara kuu ya Beltway Fahmi alishika njia ya kulia kabisa, ile ya waendao polepole, nyuma ya lori, yeye ambaye kila siku huwatukana wanaokwenda hivyo. Ezekiel alichoka kuuliza. Alikumbatia boksi lake na kupanga maneno ya barua atakayoitia humo: namna ya kurekebisha kila jicho, namna ya kukunja mpira wa upande wa machoni kwa kuwa mzee anavaa miwani.

Maegesho ya Adelphi, anakoishi Ezekiel, yalikuwa yamefurika. Fahmi aliegesha mbali, juu kwenye mwinuko, injini ikiendelea kunguruma. Ezekiel akaona hiyo ni nafasi nzuri ya kuijaribu darubini mara ya mwisho. Akailenga nyumba yao, ile ya chini kabisa, kwenye kibaraza ambako Bupe, mkewe, huwamwagia ndege makombo ya mkate.

Ndege hawakuwapo. Palikuwa na kochi lao, limesimamishwa wima ukutani, na meza ya sebuleni kando yake.

"Mwone Bupe," alisema akicheka. "Leo ameamua kuosha zulia."

Akazungusha gurudumu kidogo. Mlango wa kioo ulikuwa wazi. Sebule haikuwa na kiti hata kimoja, na ilikuwa imejaa watu. Wanawake walikuwa wamekaa sakafuni, kanga vichwani. Solomon wa Germantown, ambaye haji Adelphi mpaka abembelezwe, alisimama ukutani amefunga mikono. Dada Elieth alikuwa amenyoosha miguu, na Bupe amelaza kichwa mapajani mwake. Picha ilikuwa safi kabisa. Kisha ikaanza kutikisika.

Fahmi alizima injini.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Waliniambia nisikurudishe mpaka watu watimie."