Mbolea Isiyoyeyuka

Athieno aliweka beseni la maji katikati ya duka, akafungua mfuko mdogo wa mbolea, akamimina yote majini mbele ya wateja.

"Ngojeni kidogo," aliwaambia. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

Ilikuwa siku ya soko Busia, upande wa Uganda, na duka la pembejeo la Vincent lilikuwa limejaa. Vincent alitoka haraka nyuma ya kaunta.

"Mama, nini tena? Njoo huku ndani tuongee."

"Hapa panatosha."

Alikuwa ametoka kijijini Kisoko alfajiri. Huko ndiye aliyewafundisha wanawake wa kikundi chake kuurudishia nguvu udongo uliochoka: chimba shimo, tia viganja viwili vya samadi iliyooza, kisha kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya dukani, funika kidogo, ndipo utie mbegu. Samadi hufanya kazi polepole, aliwaambia, na mbolea ya dukani bila samadi huichosha ardhi. Tieni vyote viwili. Watu waliwacheka walipobeba kinyesi cha ng'ombe kichwani, lakini baada ya misimu mitatu waliowacheka walikuja kuomba kufundishwa.

Mwaka huu kikundi kilifika wanawake kumi na wanane. Walipouliza wanunue wapi mbolea, Athieno mwenyewe ndiye aliyesema: kwa Vincent, huyo namjua.

Mahindi yalifika magotini, yakadumaa, majani yakageuka zambarau. Amoit, mjane wa kikundi, hakumlaumu. Alimtazama tu, akapita bila salamu. Athieno hakulala usiku ule.

Sasa maji ya beseni yalikuwa meusi tititi. Athieno alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono hadi chini, akautoa na kufungua kiganja. Kokoto. Rangi imezitoka, zimebaki nyeupe.

"Hii ndiyo tumelisha ardhi," alisema.

Twahira, anayeuza vitambaa duka la pili, alikuwa amesimama mlangoni. "Hata mama, Vincent?" aliuliza taratibu.

Vincent aliinama karibu na Athieno, akaanza kunong'ona kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. Kwamba aliinunua hivyo hivyo. Kwamba atampa mifuko miwili mizuri, leo hii, aende nayo nyumbani.

Athieno alimjibu kwa Kiswahili, kila mtu asikie.

"Miwili ya kwangu. Na wale kumi na saba? Mfuko huu umeshonwa upya kwa uzi wa bluu, na uzi wa bluu uko hapo kwenye kaunta yako, na sindano yake."

Vincent alitazama kaunta. Wateja nao wakatazama.

"Unaniua, mama."

"Sema ukweli mbele ya hawa watu, nirudi shambani."

Vincent aliufunika uzi kwa kiganja. Wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja, mikono mitupu.

Athieno alijitwika beseni, maji yakimchuruzikia mabegani, akashika njia ya kituo cha polisi. Twahira alifunga duka lake, akamfuata awe shahidi. Nyuma yao Vincent aliita mara mbili. Athieno hakugeuka; alijua akigeuka hatafika.

Askari alichota kokoto, akazigeuza kiganjani, akavuta kitabu.

"Jina?"

"Athieno Florence, wa Kisoko."

"Unamshitaki nani?"

"Opendi Vincent, mwenye duka."

"Watu hawa wanajua kukana," askari alisema akiandika. "Kesho atasema hakujui, hajawahi kukuona. Wewe umemjua tangu lini?"

Athieno aliteremsha beseni, akaliweka mezani.

"Tangu siku niliyomzaa," alisema. "Andika."